Jinsi ya kuchora ratiba ya wiki ya karatasi inayoendana na kazi yako: mwongozo kamili

Kuna kitu nakiona kinajirudia kila mwaka. Mtu ananunua dayari nzuri mwezi wa kwanza, wiki ya kwanza anaijaza vizuri kwa peni za rangi tatu, wiki ya pili anaruka siku mbili, wiki ya tatu ile dayari imeshageuka kuwa ya kuandikia madeni na namba za simu. Halafu anajilaumu kwamba hana nidhamu. Mi siamini kabisa kwamba ni nidhamu, maana mtu huyo huyo anaamka saa 11 alfajiri kila siku na wateja wake wanamsifia.

Shida iko kwenye mistari. Ile dayari imechorwa kwa ajili ya mtu anayeingia ofisini saa 2 na kutoka saa 10, we ni fundi cherehani, au nesi wa zamu, au una duka na mteja anaingia wakati wowote. Yani umevaa shati la mtu mwingine, lazima likubane mabegani.

Kwahiyo tutachora ya kwako. Nimeshakaa na watu wengi tukichora hizi karatasi na wengi wanakwama pale pale, nikifika hapo nitakwambia.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Karatasi nyeupe za A4, kama 10 hivi. Ile ya kawaida ya kutolea kopi, gramu 80, inatosha.
- Rula ya sentimita 30. Ya sentimita 15 itakusumbua, mstari utauunga katikati na utapinda.
- Penseli ya HB na ufutio safi.
- Penseli ya rangi ya buluu ya mpauko, hii nitaeleza kazi yake baadae.
- Peni moja nyeusi yenye ncha nyembamba.
- Kijidaftari cha kuingia mfukoni.
- Kalenda ya mwaka yenye sikukuu.

Kompyuta sio lazima. Mi napendelea mkono kwa mara ya kwanza hata kwa mtu anayejua kompyuta, maana ukichora kwa rula unalazimika kufikiria kila sentimita, ukichora kwenye programu unavuta tu jedwali na linakuja na maboksi ambayo hukuyahitaji.

Hatua ya 1: Andika wiki moja jinsi ilivyo, bila kupanga chochote

Hapa ndo watu wengi wanaruka, na hapa ndo wanapofeli. Usichore kitu chochote wiki ya kwanza. Tembea na kile kijidaftari, na kila unapobadilisha kazi andika saa na ulichofanya kwa maneno matatu manne. "Saa 3:20 kukata gauni." "Saa 4 mteja kaja, stori." "Saa 4:40 umeme umekatika." Basi.

Kwanini? Kwasababu ukichora kwa kichwa utachora wiki unayoitamani, sio wiki unayoishi. Dada mmoja fundi cherehani jirani yangu aliniapia kwamba anashona gauni moja kwa siku. Tukaandika wiki nzima, tukakuta ametoa magauni manne kwa siku sita, na sio kwamba ni mvivu, siku moja na nusu ziliishia sokoni kutafuta bitana na vifungo, na masaa mengi yameenda kwa wateja wanaokuja "kuangalia imefikia wapi". Hiyo safari ya kutafuta bitana haikuwepo kwenye ratiba yoyote aliyowahi kuiandika, na ndio iliyokuwa inamla.

Angalizo: usianze kujirekebisha ndani ya hiyo wiki ili iandikike vizuri. Ukilala mchana andika umelala mchana. Hakuna mtu atakayeisoma zaidi yako.

Umemaliza hatua hii pale unapoweza kusema namba mbili bila kubahatisha: kazi ngapi umekamilisha ndani ya wiki, na masaa mangapi yameenda kwenye vitu ambavyo hukuvipanga.

Hatua ya 2: Tambua kazi yako inakujia kwa namna gani

Chukua maandishi yako ya wiki na ujiulize swali moja tu, siku yangu inaongozwa na nini? Kwa niliowaona mimi majibu huwa yanaangukia kwenye haya:

Inaongozwa na saa. Mwalimu, mtu wa mapokezi, dereva wa basi la shule. Kuna muda umepangwa na hauwezi kuusogeza.

Inaongozwa na oda. Fundi cherehani, seremala, mpishi wa keki, mchora mabango. Hakuna anayejali umeanza saa ngapi, watu wanajali siku ya kuchukua mzigo wao.

Inaongozwa na zamu. Nesi, mlinzi, mfanyakazi wa kiwandani. Wiki hii mchana, wiki ijayo usiku, halafu ofu siku mbili.

Inaongozwa na kazi moja ndefu inayohitaji utulivu. Mwanafunzi anayeandika tasnifu, mtafsiri, mtu wa kuandika programu za kompyuta.

Inaongozwa na watu wanaoingia. Duka, wakala wa pesa za simu, ofisi ya serikali ya mtaa. Unakatishwa katishwa kutwa nzima na kukatishwa huko ndo kazi yenyewe.

Najua utasema "mimi niko kwenye mbili". Wengi tuko hivyo, nesi anashona, mwalimu ana duka. Chagua ile ambayo ukiikosea leo kesho utakuwa na kesi, hiyo ndo ibebe ukurasa. Nyingine tutaipa ukanda wake chini. Usijaribu kuchanganya zote mbili katikati ya karatasi, nimejaribu hilo na watu wengi na kila mara inakuwa msitu.

Hatua ya 3: Amua saa utakayoandika na siku wiki yako inapoanzia

Hiki kinaonekana kidogo lakini kimewakosesha watu mikutano. Simu yako inasema 14:00, mteja anasema saa nane, na we kwenye karatasi umeandika "2". Hiyo 2 ni saa mbili asubuhi au ni saa nane mchana kwa Kizungu? Wiki mbili mbele hutakumbuka.

Chagua moja na ubaki nayo karatasi nzima. Kama unapokea miadi kwa lugha zote mbili, basi kwenye ile kolamu ya saa andika zote, juu kubwa saa ya Kiswahili, chini ndogo ya simu: saa 2 na chini yake 8:00, saa 8 na chini yake 14:00. Utaiandika mara moja tu kwenye karatasi mama, yani ile moja safi utakayoitolea kopi, kwahiyo haina usumbufu.

Siku ya kuanzia nayo ni yako. Hakuna sheria kwamba lazima Jumatatu, na Kiswahili chenyewe kinahesabu kuanzia Jumamosi, si ndo mosi hiyo. Kama siku yako kubwa ni Jumamosi, mfano unauza nguo kwenye mnada au unapika keki za harusi, mi nakushauri Jumamosi isibanwe katikati ya siku nyingine. Anza wiki siku inayofuata baada ya siku yako kubwa, ili maandalizi yote yawe kushoto na siku yenyewe iwe mwisho, macho yatakuwa yanaelekea huko wiki nzima.

Hatua ya 4: Piga fremu ya karatasi

A4 ina sentimita 21 kwa 29.7. Tunailaza, yani upande mrefu uwe chini. Haya ndo mahesabu yanayokaa vizuri bila desimali za ajabu:

Kwa upana: acha sentimita 1.5 kushoto kwa ajili ya kutoboa au kubaindi, acha 1.2 kulia. Zinabaki 27. Toa 2.5 za kolamu ya kwanza, zinabaki 24.5, gawanya kwa 7 unapata 3.5 kila siku. Safi kabisa.

Kwa urefu: acha 1 juu na 1 chini. Chukua 1.5 ya kichwa (wiki ya tarehe ngapi mpaka ngapi), 1 ya majina ya siku, 13 za eneo la kazi, na 3.5 za ukanda wa chini. Jumlisha, inakuja 21.

Chora kwanza kwa ile penseli ya buluu ya mpauko. Kwenye mashine nyingi za kopi buluu hiyo haitoki au inatoka hafifu sana, kwahiyo unaweza kupima na kukosea bila kufuta, halafu mistari unayoitaka kweli ndo unapitishia peni nyeusi mwishoni kabisa. Kwa sasa peni weka pembeni.

Majina ya siku andika kifupi kama tunavyoandikiana meseji: J3, J4, J5, Alh, Ij, Jmosi, J2. Sentimita 3.5 sio nyingi, usizimalize kwa kuandika "Jumatatu" kwa herufi kubwa.

Pima kolamu ya siku ya kwanza na ya siku ya saba kwa rula. Zikiwa sawa fremu iko poa. Kama ya saba ni nyembamba basi umelimbikiza kosa la milimita moja moja kila kolamu, na dawa yake ni kuweka alama zote saba kutoka kwenye sifuri moja ya rula bila kuihamisha rula.

Hatua ya 5: Chora ndani kulingana na kazi yako

Hapa kila mtu anaenda njia yake. Soma ya kwako, nyingine pitia tu.

Kama unaongozwa na saa

Zile sentimita 13 zigawe mistari 13 ya sentimita moja moja, saa 12 asubuhi mpaka saa 1 jioni. Mwalimu mwenye vipindi vya dakika 40 asiandike saa kabisa, aandike kipindi cha 1, cha 2, na kuendelea, na mapumziko yapewe mstari wake. Vipindi ambavyo havibadiliki viandike kabisa kwenye karatasi mama ili visikusumbue kila wiki, nguvu yako iende kwenye yale maboksi matupu.

Na njia ichore. Kama unatoka Mbagala kwenda Posta kila asubuhi, foleni ni sehemu ya siku yako, ipake penseli ionekane. Ukiiacha nyeupe utaipangia kazi.

Kama unaongozwa na oda

Achana na ile fremu ya kulaza, simamisha karatasi. Na achana na siku kama kolamu. Hapa mstari mmoja ni oda moja.

Upana ni 21: toa 1.5 kushoto na 1 kulia, zinabaki 18.5. Kolamu ya jina la mteja na kazi sentimita 5, siku ya kuchukua 2.5, halafu hatua tano za sentimita 1.6 kila moja, na mwisho 3 za hela (kianzio na salio). Urefu ni 29.7: pembezoni 2 kwa pamoja, kichwa 2.2, majina ya kolamu 1.5, mistari 10 ya sentimita 2, na sentimita 4 chini za vitu vya kununua.

Kwa fundi cherehani hatua tano ni: kitambaa na bitana vipo, kukata, kushona, kujaribisha, kumalizia. Seremala ataandika zake, mpishi wa keki zake.

Sasa namna ya kujaza, hii ni muhimu kuliko mistari yenyewe. Usiweke tiki. Anza na siku ya kuchukua halafu rudi nyuma. Mteja anachukua gauni Ijumaa jioni. Kwahiyo vifungo na pasi ni Alh. Kujaribisha ni J5 jioni, ili kama kiuno kimebana upate pa kurekebisha. Kushona lazima kuwe kuanzia J4, kukata J3, na bitana iwe mkononi Jmosi iliyopita. Andika hizo siku ndani ya maboksi: Jmosi, J3, J4, J5, Alh. Kazi ikifanyika unapiga mstari juu ya ile siku. Ukitazama karatasi J4 jioni na bado kuna "J3" haijapigwa mstari, umeshajua una tatizo siku tatu kabla mteja hajajua.

Na idadi ya mistari isiwe 10 kwasababu nimesema 10. Rudi kwenye namba ya hatua ya 1. Ulikamilisha nne? Chora mistari mitano, ongeza urefu wa kila mmoja. Mistari ikijaa, wiki imejaa, oda inayofuata inaandikwa kwenye karatasi ya wiki ijayo na mteja unamwambia hapo hapo. Kipindi cha kuelekea Idd na Krismasi hiyo karatasi ndo itakuokoa na maneno, maana ni rahisi zaidi kumwonesha mtu kwamba nafasi hakuna kuliko kumwambia.

Kama unaongozwa na zamu

Ile fremu ya kulaza yenye siku saba inakufaa, ila toa masaa. Sentimita 13 zigawe mistari minne: Zamu 2.5, Usingizi 2.5, Nyumbani 4, Mambo yangu 4.

Tatizo kubwa la watu wa zamu ni usiku. Unaingia Jumanne jioni unatoka Jumatano asubuhi, sasa hiyo zamu ni ya siku gani? Kwenye dayari za kawaida unaandika kwenye Jumanne, Jumatano inabaki nyeupe, shangazi anapiga simu anauliza Jumatano asubuhi una nafasi unaangalia unaona ndio, unakubali kumpeleka kliniki, na unaenda ukiwa hujalala.

Kiswahili kina neno zuri sana hapa, usiku wa kuamkia. Andika zamu kwenye boksi la siku unayoingia, chora mshale uvuke mstari uingie siku ya pili, na kwenye mshale andika "kuamkia J5". Halafu kwenye mstari wa Usingizi wa hiyo J5 paka penseli mpaka saa ambayo kweli huwa unaamka, kama ni saa 8 mchana basi saa 8. Usingizi unaandikwa kwanza kabla ya nyumbani na kabla ya mambo yako. Mstari wa Usingizi ukiwa mweupe siku baada ya zamu ya usiku, ratiba hiyo haijakamilika, irudie.

Kama ratiba ya zamu inatoka ya mwezi mzima, jaza mistari ya Zamu na Usingizi ya wiki zote nne siku hiyo hiyo unayoipata.

Kama unafanya kazi moja ndefu

Siku saba, mistari mitatu: asubuhi, mchana, jioni. Ule muda ambao kichwa chako kinafanya kazi vizuri upe sentimita 5, iliyobaki 4 na 4. Una maboksi 21. Boksi moja jina moja la kazi.

Kosa ninaloliona kila mara ni kuandika jina la mradi badala ya kazi. "Tasnifu" sio kazi, ukikaa mezani na neno hilo utatumia nusu saa kutafuta pa kuanzia na nusu saa ni nyingi. Andika "kurasa 2 za sura ya pili, anzia kwenye jedwali la wahojiwa". Unakaa, unaanza.

Wala usijaze yote 21. Angalia wiki uliyoiandika uone maboksi mangapi kweli yalikuwa na kazi ya utulivu, watu wengi wanashtuka kukuta ni sita au saba. Panga saba.

Kama unaongozwa na watu wanaoingia

We ndo unayehitaji ratiba nyepesi kuliko wote. Kila siku igawe hivi: sentimita 3 juu za "lazima", na lazima ni mbili tu. Sentimita 7 katikati hazina mstari wowote, hapo unaandika yanayokuja yanavyokuja. Sentimita 3 chini ni za kufunga siku: hela iliyopatikana, kilichoisha dukani, nani anadaiwa.

Zile 2.5 za kolamu ya kwanza, ambazo wengine wameweka saa, we weka yale yanayojirudia kila wiki: kuhesabu stoo, kwenda Kariakoo kuchukua mzigo, kufuatilia madeni, kupeleka hela benki. Yaandike kwenye karatasi mama, kila wiki unayapigia mstari tu.

Najua mbili zinaonekana chache. Lakini mtu wa duka akiweka saba anafanya mbili na anaenda kulala akijiona ameshindwa, na kesho yake haifungui tena hiyo karatasi.

Hatua ya 6: Ukanda wa chini

Sentimita 3.5 zile za chini zigawe mara mbili. Kushoto weka ile kazi yako ya pili tuliyoiacha kwenye hatua ya 2. Kulia acha tupu, usiandike hata kichwa, hapo patakuwa pa vitu ambavyo bado havina siku. Vikipata siku vinahama kwenda juu.

Sikukuu nazo ziingie mapema. Zenye tarehe zake kama 26 Aprili, 7 Julai, 8 Agosti au 9 Desemba kwa Tanzania, na 1 Juni au 12 Desemba kwa Kenya, ziandike kwa peni. Idd andika kwa penseli kwenye siku zote mbili zinazotarajiwa maana inategemea kuandama kwa mwezi, na siku ya pili usipangie oda ya kuchukua.

Hatua ya 7: Itumie wiki mbili kabla hujaipenda

Chora nakala mbili kwa mkono, ya wiki hii na ijayo. Ndio ni kazi, kama nusu saa kila moja, lakini nimeona mtu ametoa kopi 52 na kubaindi kabisa halafu siku ya nne akagundua maboksi hayamtoshi. Hela imeenda na moyo umevunjika.

Katika wiki hizo mbili fanya alama mbili tu. Boksi ambalo halikutumika weka X kwenye kona. Mahali ulipolazimika kuandika pembeni, juu ya mstari au nyuma ya karatasi, zungushia duara.

Mwisho wa wiki ya pili soma alama. Sehemu yenye X siku 10 kati ya 14 iondoe, hata kama ulikuwa umeipenda. Watu wanang'ang'ania sana boksi la "maji niliyokunywa" na "neno la leo", sijawahi kuelewa kwanini, kama linakaa tupu linakukumbusha tu kwamba kuna kitu hujafanya. Miduara inakwambia pa kuongeza. Ukikuta miduara mitano imerundikana kwenye siku moja, siku hiyo inahitaji kolamu pana zaidi, ipe 4.5 na uipunguze ile siku ambayo huwa unapumzika iwe 2.5. Hakuna aliyesema siku zote zilingane.

Ukimaliza wiki mbili na miduara haizidi mitatu, iko tayari kwenda kwenye kopi.

Hatua ya 8: Karatasi mama na kutoa kopi

Sasa ndo chukua karatasi safi, piga buluu, halafu pitisha peni nyeusi. Mistari iwe myembamba. Mstari mnene mweusi unashindana na mwandiko wako, na macho yanachoka bila kujua kwanini. Mnene weka mmoja tu, ule unaozunguka fremu, au ule wa kutenganisha siku za kazi na za mapumziko.

Ukifika steshenari mwambie mtoa kopi mambo haya:

Atoe kwa asilimia 100, asitumie ile ya kubana ukurasa uenee. Ikitoka ya kwanza weka rula, 3.5 iwe 3.5.

Kama unataka pande mbili na unabaindi kushoto kwenye karatasi iliyolazwa, igeuzwe kwa upande mfupi. Wakigeuza kwa upande mrefu, kurasa za nyuma zitakaa kichwa chini. Omba moja ya majaribio, igeuze mkononi kama kitabu, ndo waendelee.

Ukitaka ndogo ya kuingia mkobani, apunguze kwa asilimia 71, A4 inakuwa A5. Ila jua kolamu ya 3.5 itakuwa kama 2.5, kwa mwandiko mkubwa haifai.

Toa 13 tu. Hizo ni wiki za miezi mitatu. Zikiisha utakuwa umeshajua cha kubadilisha. Na kila mara toa kopi kutoka kwenye karatasi mama, usitoe kopi ya kopi, mistari inanenepa na kupinda kila kizazi. Karatasi mama iweke kwenye faili la plastiki, isikunjwe.

Kama unatumia makapeni, karatasi ya gramu 80 itavuja upande wa pili, kwahiyo toa upande mmoja tu au andika kwa peni ya kawaida.

Hatua ya 9: Kuijaza kila wiki

Dakika 15 zinatosha, siku moja kabla ya wiki yako kuanza. Anza na visivyosogea (vipindi, zamu, misiba na harusi zilizotangazwa), kisha usingizi na nyumbani, kisha siku za kuchukua mizigo, na yaliyobaki mwisho. Ukianza na yaliyobaki, yatakula nafasi ya yale makubwa.

Kazi ikihama wiki ya tatu mfululizo isimamishe. Ama haihitajiki, futa, ama ni kubwa mno, ikate uandike kipande chake cha kwanza tu.

Na karatasi ikae mahali kazi inapofanyika. Ya fundi ibandikwe ukutani mbele ya cherehani, ya nesi ikae jikoni ambapo familia nzima inaiona, ya mwenye duka chini ya kioo cha kaunta. Ikiingia kwenye droo imekufa.

Yule dada jirani yangu yuko kwenye karatasi mama ya nne sasa. Ameondoa kolamu ya "kitambaa na bitana vipo" akaweka mbili, moja ya kitambaa moja ya bitana, maana kitambaa mteja analeta mwenyewe ila bitana ndo inamchelewesha. Sehemu ya hela ameipunguza ili zienee. Mistari yake ni mitano, na juu ya karatasi kwa peni nyekundu ameandika J4 SOKONI.